Sadaka ya Waja Leo, Waondoka Leo

Kila Ijumaa asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga sarafu. Nilikuwa karani kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, mjini Tanga, na tajiri wangu alitaka sarafu za shilingi mia zipangwe juu ya kaunta kumi kumi, zisimame kama minara. Ikifika saa tatu mlango umeshajaa. Bibi mwenye mkongojo kutoka Makorora, kipofu anayeongozwa na mjukuu, mzee mwenye matende aliyeuviringisha mguu kwa kipande cha kanga, wanawake wenye watoto mgongoni. Kila mkono unapokea sarafu moja, kila mdomo unasema "Mwenyezi Mungu akuzidishieni", safu inasogea. Saa nne na nusu tumemaliza, nami nimeshaandika kwenye daftari: sadaka ya Ijumaa, na kiasi chake.

Ijumaa moja yule bibi wa Makorora alipokea sarafu yake lakini hakusogea. Akanishika mkono, akauliza, "Mwanangu, miaka sita wanipa. Jina langu walijua?"

Sikulijua. Nikaingiwa na haya, nikatoka nyuma ya kaunta, nikamkalisha juu ya mfuko wa saruji, nikamsikiliza. Ndipo nilipojua kwamba kila Ijumaa huzunguka maduka 11, na kwamba ule mkongojo hakuushika kwa uzee. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa mtoto wa jicho hutolewa, na hata angeambiwa, nyumbani hakuwa na wa kumshika mkono kumpeleka hospitali.

Jioni ile nilipiga hesabu. Sarafu moja kwa wiki, wiki 52, miaka sita: duka letu lilikuwa limempa shilingi 31,200. Zidisha kwa maduka 11 unapata shilingi 343,200. Fedha zote hizo zilipita kiganjani mwake mojamoja, zikaishia kwenye muhogo na sukari, naye akabaki gizani vilevile. Na sisi wote, kila duka kwa nafasi yake, tulikuwa tukilala tukijua kwamba tumetoa.

Tajiri alipolisikia hilo hakusema neno. Alifungua droo akanipa nauli na fedha za matibabu, akaniruhusu nitoke kazini niende na bibi. Siku alipofunguliwa kitambaa cha jicho la kwanza nilikuwa nimekaa mbele yake. Alinitazama kitambo, akasema, "Kumbe u mwembamba hivi, mwanangu."

Sisemi kwamba sarafu ya Ijumaa ni mbaya. Kwa aliyeamka hana kitu, sarafu ile ndiyo chai yake, na mpaka leo nikiombwa natoa. Lakini siku ile niliona kitu ambacho sijaweza kukisahau, na ndicho kilichonitoa kwenye ukarani. Ramadhani ilipokaribia, tajiri aliniita, akanisukumia faili la zaka. "Dada, umemwona mmoja. Hebu nitafutie wengine." Baadaye jirani yake mwenye kinu cha nafaka akataka nimfanyie vilevile, kisha mkwe wa jirani, kisha familia moja ya Raskazone. Sasa hiyo ndiyo kazi yangu. Nakaa na familia zenye mali, nawasaidia kuamua watoe nini, kwa nani, kwa njia gani, na nani atakayekwenda kuangalia mwaka wa pili na wa tatu.

Mji wetu una msemo wake: Tanga, waja leo waondoka leo. Wenyeji huutia maana nyingi. Mimi nimeufanya kipimo. Misaada mingi niliyoishuhudia huja leo na kuondoka leo. Gari linafika na mchele, picha zinapigwa, hotuba inasomwa, vumbi linatulia. Nikikaa na familia mpya, swali ninalowasumbua nalo kuliko yote ni hili: baada ya ninyi kupanda gari mkarudi mjini, nani anabaki?

Familia nyingi huanza kwa kuniuliza watoe nini. Mimi huanza na daftari lao. Kwa Waislamu, zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu, yaani kile kiwango cha chini kinachomwajibisha mtu kutoa, ambacho kwa dhahabu ni gramu 85, na kutimiza mwaka wa mwezi mwandamo. Hilo kila mtu analijua tangu madrasa. Lisilojulikana vizuri ni nini kinachohesabiwa. Wafanyabiashara wengi huhesabu fedha zilizo benki na kwenye kasha tu, kumbe bidhaa zilizokaa stoo zikisubiri kuuzwa nazo zimo, kwa bei ya siku ile. Nakumbuka familia moja tulipohesabu mabati na nondo za stoo mbili, zaka ikawa mara nne ya ile waliyokuwa wakitoa kila mwaka. Kijana mkubwa alikunja uso. Mama yao, aliyekuwa amekaa pembeni na tasbihi yake, akasema polepole, "Basi miaka yote hii tumekula cha watu." Mwaka ule ule walianza kulipa ya nyuma.

Familia za Kishia Ithnaashari zina humsi, yaani moja ya tano ya kilichobaki baada ya matumizi ya mwaka. Wakristo wana fungu la kumi. Kila mmoja nampeleka kwa shehe wake au mchungaji wake kwa mambo ya sheria ya dini, kwa sababu zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tauba na mimi si wa kuwapangua. Langu ni kuhakikisha kwamba hesabu imekamilika na kwamba huyo fakiri aliyekusudiwa anapatikana kweli.

Na kuhusu malipo yangu niliweka sharti tangu mwanzo: familia inanilipa kwa mfuko wake mwingine, kiasi kilekile wakitoa kingi au kichache. Sichukui asilimia ya sadaka. Mshauri anayekula asilimia atawashauri mtoe kule kunakoingiza nyingi, na mwisho wake yeye ndiye maskini wa kwanza kuhudumiwa.

Sasa niseme la kisima, maana ndilo lililonifunza kuliko yote, na kosa lilikuwa langu.

Mwaka 2012 familia moja yenye malori iliniita. Baba yao alikuwa amefariki, na watoto walitaka kumtolea sadaka ya kudumu, sadaka jariya, thawabu zimfikie kaburini. Wakachagua kisima. Nami nikachagua kijiji kimoja cha pwani ya Mkinga ambako nilijua wanawake wanatembea mbali na ndoo. Mahali pa kuchimba tulipachagua mimi na kijana mkubwa, ndani ya gari, kiyoyozi kinapuliza. Tukasema pale karibu na barabara ya kuingilia kijijini, anayepita akione. Kikachimbwa, pampu ya mkono ikafungwa, sakafu ikasakafiwa, kibao cha marumaru kikawekwa chenye jina la marehemu. Siku ya kukabidhi alichinjwa ng'ombe, viti vikakodiwa mjini, mwenyekiti wa kijiji akahutubia. Mimi nililia kwa furaha. Nasema kweli, nililia.

Miezi 14 baadaye nilikuwa natoka Horohoro nikamwomba dereva akate kona, nikaone kazi ya mikono yangu. Mpini wa pampu ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mkonge usichezewe na watoto. Mbuzi wawili walikuwa wamelala kivulini mwa ukuta mdogo tulioujenga. Kibao kilikuwa safi, kinang'aa, mtu alikuwa anakifuta. Wanawake walikuwa wanapita na ndoo kichwani, wanakwenda kulekule walikokuwa wakienda zamani.

Nikamfuata bibi mmoja aliyekuwa anachambua mboga barazani. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza kisima kimekuwaje.

"Raba zimekwisha, fundi hakuna," akasema. "Lakini hata zisingekwisha, mwanangu, maji yale twayafanyia nini? Ya chumvi. Chai yageuka chungu, maharage yakataa kuiva, sabuni haitoi povu. Wazee wetu walichimba hapo hapo, wakaacha."

"Mbona hamkutuambia?"

Akanitazama kwa huruma zaidi kuliko hasira. "Nani alotuuliza? Mlikuja na ng'ombe."

Nililibeba neno lile mpaka Tanga. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na karibu na bahari maji ya chini ya ardhi mara nyingi huwa na chumvi. Unaweza kuchimba mahali pamoja ukapata matamu, ukasogea kidogo ukapata yasiyonyweka. Wale bibi walilijua hilo bila kipimo chochote, kwa sababu ndio wachotaji. Sisi tulikuwa na fedha, gari na kibao, tukakosa jambo moja la bure kabisa, kuuliza. Na hata maji yangekuwa matamu, hatukuwa tumeacha spana, hatukumfundisha mtu kubadili raba, hatukukubaliana nani ataweka akiba ya vipuri. Tulifanya kisima kama mtu anayefanya arusi, kila kitu kikaishia siku ile.

Tangu hapo sikubali familia itoe kitu chochote kijijini kabla ya kukaa na watakaokitumia, si viongozi peke yao. Mwenyekiti atakwambia ndiyo kwa kila jambo. Hawezi kumkatalia mgeni aliyekuja na neema. Lazima ukae na wachotaji, na wakae bila yeye, na bila wewe kutaja kwanza ulichokusudia kutoa. Ukikitaja tu, watu watakuambia ndicho hasa walichokuwa wakikiomba usiku na mchana. Mpewa hachagui, na hapo ndipo sadaka nyingi hupotea njia.

Kuna familia hukasirika nikiwaambia hivyo. Baba mmoja aliniambia, "Mama, mimi nataka kutoa, wewe unanipeleka shule." Nilimwelewa. Mtu mwenye kazi nyingi akifika mahali moyo wake umelainika, anataka mkono utoe hapo hapo kabla shetani hajampitia. Kwa hiyo nimejifunza kugawa. Fungu dogo litoke leo, kwa jirani, kwa mgonjwa anayejulikana, kwa msiba. Fungu kubwa lingoje mpaka miguu iende na masikio yasikie.

Watu hunisifu kwa kupatanisha ndugu, lakini kazi hiyo ni ya mali yenyewe. Mali ikikaa mezani, kila mtu huonyesha alichokificha. Yule Bi Mkubwa wa Raskazone aliniita akiwa na umri wa miaka 78, watoto wanne wamekaa kwenye makochi, kila mmoja na simu mkononi. Alikuwa na nyumba ya ghorofa moja Ngamiani, chini maduka manne, juu vyumba vya kupangisha. Alitaka kuitoa wakfu, ndani ya ile thuluthi ambayo sheria ya Kiislamu inamruhusu mtu kuiusia nje ya warithi. Mtoto wa kwanza alitaka nyumba iuzwe, ijengwe shule yenye jina la baba. Wa pili alitaka kodi igawiwe kwa ndugu maskini wa ukoo. Wa tatu, nadhani, alitaka isitolewe kabisa, ila hakuthubutu kusema mbele ya mama.

Yule wa kwanza sikumbeza. Wengi hudharau anayetaka jina, mimi siko hivyo. Mjini kwetu kuna Sekondari ya Galanos, jina la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Kuna Usagara, ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa jina la Karimjee, familia ile ile iliyotoa ukumbi wa Karimjee kwa mji wa Dar es Salaam mwaka 1955. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ukautajirisha mkoa huu na watu wake wachache, kisha mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na bei ya dunia ikaanguka, na leo ukipita njia ya Korogwe unaona magofu ya majumba ya mameneja. Mashamba yakabadili mikono, shule zikaendelea kupiga kengele. Nilimwambia hayo, nikamwambia pia kwamba shule hainunuliwi mara moja kama nyumba. Ina walimu wa kulipa kila mwezi, paa la kukarabati, choo cha kuchimba upya. Je, yeye na watoto wake wako tayari kuilisha miaka 30? Akafikiri siku tatu, akarudi akasema hapana. Hilo nalo ni jibu la mtu mwema.

Basi tukarudi kwenye wakfu. Asili yake ni ile ardhi ya Khaybar ambayo Sayyidna Umar aliipata akamwendea Mtume, akaelekezwa aizuie asili na kuyatoa matunda yake sadaka; haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Ni elimu ya zamani sana na bado ndiyo bora niliyoiona kwa familia yenye nyumba. Lakini mwambao mzima una nyumba za wakfu zilizokufa, na nimeingia kwenye kadhaa nikajua zimekufaje. Kodi yote iligawiwa, hakuna aliyeweka ya kupaka chokaa wala kuziba paa. Mjukuu mmoja alihamia chumba cha nyuma bila kulipa kwa kuwa ni mali ya bibi, wa pili akamfuata, na mpangaji mgeni akahama. Msimamizi alikuwa mmoja, akafa na funguo na siri zake.

Kwa hiyo tuliandika hivi, na nimeendelea kuandika hivi kwa wengine. Fungu la kwanza la kodi ni la nyumba yenyewe, kabla ya maskini yeyote. Hakuna wa ukoo anayekaa bure. Wadhamini ni watano, wawili tu wa familia, na angalau mmoja wa wale wengine ni mwanamke wa mtaa. Wadhamini wakasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya sheria ya usajili wa wadhamini, ili nyumba iwe na mwenyewe mbele ya mahakama hata sote tukifa. Binti wa mwisho, ambaye katika kikao kizima hakuna aliyemuuliza lolote, ndiye aliyeomba kushika daftari. Anashika mpaka leo, na kila mwaka kabla ya Ramadhani hulisoma kwa sauti, mapato na matumizi, mbele ya ndugu wote.

Kodi ile inalisha uji. Katika shule za serikali, elimu ya msingi na sekondari mpaka kidato cha nne haina ada tangu mwaka 2016, lakini mtoto hasomi akiwa na njaa, na chakula cha mchana shuleni ni mchango wa wazazi. Tulikwenda kwenye shule moja ya msingi nje kidogo ya mji tukakaa saa sita mchana, tukaona nusu ya darasa wamelaza vichwa juu ya madawati. Wazazi walikubali kuleta mahindi na kuni. Wakfu unalipa mpishi, sukari na kusaga. Wazazi nao wakaniambia jambo lililonifurahisha: tuachieni mahindi tuyalete sisi, mkileta ninyi kila kitu, siku mkichoka hatutakuwa na mazoea.

Hapa nitaje kodi ya serikali kwa ufupi, maana wafanyabiashara wananiuliza kila mara. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu kampuni kupunguza michango iliyotolewa kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa na kwa miradi ya maendeleo ya jamii, mwisho asilimia 2 ya mapato ya biashara. Michango inayopitia Mfuko wa Elimu ina nafuu kubwa zaidi. Inahitaji risiti na barua, si picha za simu. Mhasibu wako alifanye, mimi silitilii uzito kuliko linavyostahili. Asiyetoa mpaka apunguziwe kodi atachoka mapema.

La watoto yatima nalisema kwa uchungu. Kila Idi familia fulani ilikuwa inapeleka biriani kwenye kituo kimoja cha watoto, na watoto wanapangwa mstari wanaimba. Mwaka mmoja niliwaomba wasubiri, nikamfuata afisa ustawi wa jamii, tukapitia majina. Watoto kadhaa walikuwa na bibi, shangazi, hata mama mzazi hai. Kilichowafikisha pale ni ufukara tu. Mmoja alikuwa na bibi Muheza anayelima migomba michache na kuuza machungwa barabarani. Bibi yule aliponiona na yule afisa alidhani tumeleta habari ya kifo. Tulimuuliza angehitaji nini kumlea mjukuu wake. Akataja paa, godoro, na mtu wa kumsaidia sare. Ni vitu vitatu tu alivyotaja. Biriani za Idi za miaka miwili zingevinunua vyote. Yule mtoto yuko kwa bibi yake sasa, na familia ile imehamishia sadaka yake kwa mabibi na mashangazi. Hakuna anayeimba.

Na kuna sadaka ambazo hakuna anayetaka kuzitaja. Hizo nazipenda kuliko zote.

Pwani yetu imeteswa na matende na mabusha kwa vizazi. Wapo wanaosema busha huletwa na madafu. Ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huu ulianzia kisiwa cha Mafia mwaka 2000, watu wakagawiwa dawa za ivermektini na albendazo kila mwaka, na maambukizi yamepungua sana. Lakini dawa hazimwondolei mtu busha alilo nalo tayari. Huyo anahitaji upasuaji, nao si upasuaji mkubwa. Wanaume wamejificha ndani miaka 15 kwa kitu kinachotibika.

Nilipolipeleka jambo hili kwa familia moja ya wavulana watupu, walicheka kwanza, kisha wakaona haya, kisha mmoja akauliza kibao tutakiweka wapi. Hakuna mahali pa kukiweka. Hakuna picha, hakuna hotuba, mgonjwa mwenyewe hataki ajulikane. Baba yao alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema mjomba wake alikufa nalo, na kwamba watoto walikuwa wakimwimbia njiani. Akaidhinisha siku hiyohiyo.

Tulijifunza haraka kwamba bili ya hospitali ni sehemu tu. Mvuvi akilazwa na kuuguza jeraha, wiki kadhaa haendi baharini, na nyumbani wanakula nini? Kwa hiyo kila mgonjwa alipewa nauli ya kwenda na kurudi, na posho ya nyumbani mpaka kidonda kifunge. Walikuja jioni, wamevaa kanzu pana au shuka, kila mmoja akidhani yuko peke yake, wanakutana kwenye benchi na jirani yao. Mmoja wao alikuwa fundi seremala wa Mabawa, mtu wa heshima, aliyeacha kazi kwa sababu hakuweza tena kupanda baiskeli. Nani asiyejua kwamba Tanga ni mji wa baiskeli? Mtu asiyeweza kukaa kwenye tandiko hapa amefungiwa nyumbani.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nasubiri kuvuka barabara karibu na Uhuru Park, kengele ya baiskeli ikalia nyuma yangu. Alikuwa yeye, amefunga msumeno na ubao kwenye keria. Hakusimama. Aliinua mkono mmoja, akaendelea na safari yake, na mimi nikabaki nimesimama pale mpaka watu wakaniuliza kama naumwa. Nilimpigia yule baba simu, nikamweleza nilichokiona. Sikutaja jina, naye hakuliuliza.

Kuhusu kile kisima, ilinichukua miaka kupata ujasiri wa kuirudia familia ya malori na kuwaambia kwamba sadaka ya baba yao ilikuwa imekufa na aliyeiua ni mimi. Nilitegemea wanifukuze. Mama yao, mjane, ndiye aliyesema, "Nipelekeni." Tukampeleka. Alikaa kwenye mkeka na wale bibi asubuhi nzima, hakusema habari ya maji hata mara moja mpaka waliposema wao. Mchana walisimama wenyewe wakatuongoza mbali na bahari, ng'ambo ya mashamba ya minazi, mpaka kwenye mwembe mmoja mkubwa. Hapa, wakasema.

Safari hii hatukukimbia. Tulipitia RUWASA wilayani, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo yenye dhamana ya maji vijijini, tukaomba kibali cha bodi ya maji ya bonde la Pangani, maji yakapimwa kabla ya kulipa salio la mchimbaji. Wanawake wawili wa kijijini walifundishwa kuifungua pampu na kuifunga. Kila ndoo shilingi 50, fedha zinakaa kwa jumuiya ya watumia maji, na familia iliahidi kutembelea kila mwaka kwa miaka mitano, mikono mitupu, kusikiliza tu. Mama aliomba kile kibao cha zamani king'olewe. Kipya hakikuwekwa.

Nilikwenda mara ya mwisho baada ya masika. Fundi wao, mama mwenye watoto watano, alinifungulia mlango wa nyumba yake akaniletea kopo la maziwa ya unga lililochakaa. Ndani alikuwa amehifadhi kila raba mbovu aliyowahi kuitoa kwenye pampu. Alizimwaga juu ya mkeka, akazipanga kwa mstari, akaanza kunihesabia: hii ya mwaka wa kwanza, hizi mbili za mwaka wa pili, hii aliibadilisha usiku wa mvua kwa taa ya simu, hii ya mwisho ilikuwa mbovu tangu dukani na mwenye duka alirudisha fedha.